Kufufua Gari la Kale Nyumbani: Faida Iko kwa Muuza Spea

Chini ya maturubai nyuma ya nyumba, na ndani ya mabanda ya mashamba ya Ohio, Kansas na Arizona, bado yamelala magari mengi yaliyotoka viwanda vya Marekani kati ya 1964 na 1974: Pontiac GTO, Ford Mustang, Chevrolet Camaro, Dodge Charger, Plymouth Barracuda. Wamarekani huyaita magari ya misuli, kwa sababu injini kubwa ya silinda 8 ilipachikwa ndani ya gari la ukubwa wa wastani na kuuzwa kwa bei ambayo kijana mwenye ajira aliimudu. Kila mwaka watu hununua mabaki ya magari hayo yakiwa na kutu, injini zimekwama, panya wamevifanya viti makazi, kisha huyakokota hadi gereji zao kwa nia ya kuyarudishia hali ya siku yalipotoka dukani. Wengi hujiaminisha, na kuwaaminisha wake au waume zao, kwamba wanawekeza. Hesabu zinasema vinginevyo. Kufufua gari la aina hii nyumbani ni matumizi, tena matumizi makubwa, na sekta nzima inayouza spea, bima na nafasi za mnada imesimama juu ya saa za kazi ambazo mwenye gari hajilipi.

Bei zake hazieleweki mpaka mtu ajue yalivyozaliwa. Mwaka 1964 kitengo cha Pontiac, ambacho mhandisi wake mkuu alikuwa John DeLorean, kiliweka injini ya lita 6.4 katika gari la kawaida la familia lililoitwa Tempest, na GTO 32,450 zikauzwa mwaka huo wa kwanza. Tarehe 17 Aprili mwaka huohuo Ford ilizindua Mustang kwa bei ya kuanzia dola 2,368, na kabla ya miaka miwili kutimia ilikuwa imeshatengeneza milioni moja. Kisha mlango ukafungwa haraka. Kampuni za bima zilipandisha ada kwa madereva vijana, sheria ya hewa safi ya 1970 ikabana moshi, General Motors ikapunguza mgandamizo wa injini zake kuanzia magari ya 1971, na vikwazo vya mafuta vya Oktoba 1973 vikamaliza kazi. Mustang ya 1974 iliuzwa Marekani bila injini ya silinda 8 hata moja. Historia hiyo iliacha mafungu mawili yasiyolingana. Fungu moja ni la magari machache mno, kama Barracuda ya 1971 isiyo na paa yenye injini ya Hemi, iliyotengenezwa takriban 11 tu. La pili ni la magari mengi sana: Mustang na Camaro za kawaida, za silinda 6 au za silinda 8 ndogo, zilizotoka kiwandani kwa mamia ya maelfu. Anayefufua gari nyumbani karibu daima ameshika la fungu la pili, ilhali bei anazoziota ni za fungu la kwanza.

Tuchukue hesabu ya mfano. Mtu amenunua Mustang ya 1967 iliyotelekezwa kwa dola 8,000. Injini, giaboksi, breki, nyaya, viti, vioo, raba za milango, bampa na rangi vinaweza kula dola 30,000 bila yeye kununua chochote cha anasa. Kazi kamili, ya kulivua gari hadi likabaki chuma kitupu na kulirudisha, huchukua saa 1,000 au zaidi, na karakana nyingi za fani hii hutoza zaidi ya dola 100 kwa saa. Akimpa fundi kazi yote, bili ya kazi peke yake inagusa dola 100,000. Mustang hiyohiyo ya milango miwili yenye injini ya kawaida, ikiwa imekamilika na inang'aa, kwa kawaida huuzwa chini ya dola 40,000. Ndiyo maana karakana za kulipwa hazigusi gari la namna hiyo kwa lengo la kuliuza. Huligusa kwa fedha ya mteja aliyekwisha kukubali kutozirudisha. Wa nyumbani huyafanya mahesabu yakae sawa kwa kuandika sifuri mahali pa mshahara wake.

Saa hizo zinakwenda wapi? Nyingi zinakwenda kwenye kutu, na kutu ya magari haya ina tabia ya kujificha. Mustang ya miaka ile haina chasisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito. Chini ya kioo cha mbele kuna sanduku la chuma linalopokea maji ya mvua kupitia matundu ya hewa. Majani hujaa humo, maji husimama, chuma huoza kutoka ndani, na siku moja dereva huona zulia limelowa. Kulitengeneza sanduku hilo kunadai kuondoa madigadi, kutoboa nukta nyingi za kuchomelea zilizowekwa na kiwanda, kupachika chuma kipya na kuchomelea upya, yote kwa ajili ya kipande ambacho mnunuzi hatakiona kamwe. Sakafu, buti, sehemu ya chini ya kioo cha nyuma na paa lililovikwa ngozi bandia vina simulizi kama hilo. Katika majimbo ya kaskazini, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, hata magari yenye chasisi yake, kama Chevelle na GTO, huoza hadi kwenye chasisi. Kwa sababu hiyo gari lililoishi Arizona au New Mexico, hata likiwa limechomwa na jua na viti vimepasuka, hununuliwa kwa bei kubwa kuliko la Michigan linalopendeza kwa macho. Anayezibia kutu kwa puti na kupiga rangi juu yake amemsukumia mnunuzi anayefuata ile kazi ya saa 1,000.

Wanaopata faida ya uhakika ni wale wanaolipwa kabla gari halijakamilika. National Parts Depot ilianza 1976, Classic Industries 1977, Year One 1981, na leo katalogi za kampuni za namna hii zina karibu kila kipande, kuanzia skrubu ya taa hadi dashibodi nzima. Dynacorn ya California huuza hata bodi nzima mpya za Camaro na Mustang za zamani. Sehemu kubwa ya vyuma hivi hupigwa Taiwan, hivyo muuzaji na mnunuzi wote wako chini ya mabadiliko ya ushuru wa Washington, ambao kwa chuma kutoka nje ulipandishwa hadi asilimia 50 mwezi Juni 2025. SEMA, chama cha biashara cha wauza vifaa vya magari kinachofanya maonyesho yake makubwa Las Vegas kila mwaka, kinakadiria soko lake lote kuwa zaidi ya dola bilioni 50 kwa mwaka. Magari ya kale ni sehemu tu ya soko hilo, lakini ni sehemu isiyokauka, kwa kuwa mradi wa nyumbani hununua spea kidogokidogo kwa miaka, na ukikwama huuzwa kwa mtu mwingine anayeanza kununua upya. Hagerty ya Michigan, iliyojenga jina kwa kuyakatia bima magari ya kale, iliingia katika soko la hisa la New York Desemba 2021. Hakuna hata mmoja katika msururu huu anayehitaji mwenye gari apate faida. Wanachohitaji ni aendelee kufanya kazi Jumamosi.

Wapo watakaonyoosha kidole kwenye minada. Januari 2020, huko Kissimmee, Florida, kampuni ya Mecum iliuza Mustang ya 1968 iliyoendeshwa na Steve McQueen katika filamu ya Bullitt kwa dola milioni 3.4, na mnunuzi akalipa milioni 3.74 baada ya ada ya mnada. Miaka sita kabla, kampuni hiyohiyo iliuza moja ya zile Barracuda za Hemi zisizo na paa kwa dola milioni 3.5. Bei hizo ni za kweli, lakini zinathibitisha kinyume cha kinachodaiwa. Mustang ya Bullitt haikufufuliwa: iliuzwa na rangi yake iliyochakaa na majeraha yake, na thamani yake ilikuwa katika kutoguswa. Barracuda nayo ililipiwa uhaba na nyaraka. Katika soko hili, namba iliyogongwa kwenye injini kulingana na namba ya chasisi, karatasi ya kiwandani, au ripoti ya Marti inayotolewa kutoka kumbukumbu za Ford huongeza thamani kuliko rangi yoyote. Vitu hivyo gari linavyo au halina, na jasho la gerejini halivitengenezi. Tukirudi kwenye Mustang ile, tofauti ya dola 340,000 kati ya bei ya nyundo na bei ya mwisho ilikwenda kwa mnada.

Hoja nzito zaidi ni ile ya kazi ya mikono yako mwenyewe: kwamba saa za jioni na za mwisho wa wiki zingepotea mbele ya runinga, basi si gharama. Ina ukweli. Kama mtu hana kazi nyingine ya kumlipa saa hizo, ni haki azihesabu kwa bei ndogo. Lakini mamlaka ya mapato haizihesabu kabisa. Akiuza kwa faida, thamani ya kazi yake mwenyewe haijumlishwi kwenye gharama za gari, kwa hiyo hutozwa kodi juu ya jasho lake. Akiuza kwa hasara gari la matumizi binafsi, hasara hiyo haimpunguzii kodi. Pia si kila kazi hufanyika nyumbani. Kuchonga upya silinda kunahitaji mashine. Rangi za kisasa za vijenzi viwili hutoa mvuke wenye isosianeti unaoweza kuharibu mapafu, na zinadai chumba na barakoa ya hewa safi. Upakaji kroma ndio unaokwenda kuwa mgumu zaidi: mwaka 2023 bodi ya hewa ya California iliamua kwamba kromiamu ile yenye sumu isitumike tena kwa mapambo kuanzia 2027, au 2030 kwa karakana zinazotimiza masharti maalumu. Bampa mbili na vipande vya taa, ambavyo zamani vilikuwa gharama ndogo, vinaelekea kuwa moja ya bili kubwa za mradi.

Kuna pia swali la nani atanunua. Waliozitamani GTO wakiwa shuleni walizaliwa kati ya 1946 na 1964, na wanazeeka. Vijana wenye fedha wanavutwa zaidi na magari ya Kijapani ya miaka ya 1990, na hata wanaotaka Camaro ya 1969 mara nyingi wanaitaka ikiwa na injini ya kisasa, breki za diski na kiyoyozi. Anayerudisha kila skrubu kama ilivyotoka kiwandani anaandaa bidhaa kwa soko linalopungua.

Haya yote hayanifanyi niwashauri watu waache. Magari haya yapo barabarani leo kwa sababu watu wa kawaida walikataa yasagwe kuwa chuma chakavu, na hakuna jumba la makumbusho ambalo lingeweza kuyahifadhi kwa wingi huo. Kazi yenyewe inafundisha kuchomelea, umeme, injini na uvumilivu, na ujuzi huo una soko hata gari lisipokuwa nalo: chuo cha McPherson, Kansas, kinafundisha ukarabati wa magari ya kale tangu 1976 na hutoa shahada kamili ya fani hiyo. Ninachopinga ni mtu kuchukua mkopo kwa dhamana ya nyumba kwa imani kwamba Mustang itaulipa. Fedha hiyo ihesabiwe kama inavyohesabiwa ya safari ya familia au ya mashua: imetumika, na imenunua kitu kizuri.

Kwa msomaji aliyeko Texas, Minnesota au kwingineko Marekani anayelitazama tangazo la gari la namna hii, ushauri ni mmoja. Nunua lenye bodi nzima kuliko lenye injini nzuri, kwa maana injini hutolewa na kubadilishwa kwa wiki, bodi iliyooza humeza miaka. Na kabla ya kulipa, mkodi fundi wa bodi kwa nusu siku alale chini ya gari hilo na tochi na bisibisi. Hiyo ndiyo bili ndogo kuliko zote utakazolipa katika mradi mzima, na ndiyo pekee inayoweza kukuepusha na nyingine.