Mapumziko ya Nyumbani au ya Nje: Piga Hesabu Kwanza

Ndugu msomaji, mavuno yamekwisha. Umeuza mpunga wako, na fedha zimo mfukoni. Watoto wamefunga shule. Mama watoto anasema, "Mwaka huu nasi tutembee kidogo." Hajakosea. Mkulima ni mtu kama mtu mwingine. Baada ya kulima, kupalilia na kuvuna, mwili unahitaji kupumzika na macho yanahitaji kuona mambo mapya.

Lakini twende wapi? Jirani mmoja anasema nenda nchi ya nje, ndiko kwenye mambo. Mwingine anasema hata hapa kwetu hujapamaliza. Kabla ya kumsikiliza huyu au yule, chukua kalamu na daftari. Tupige hesabu pamoja.

Safari ya nyumbani

Tuchukue mfano wa jamaa yenye watu 4: baba, mama na watoto wawili wa miaka 7 na 10. Wanakaa kijijini karibu na mji wa Morogoro. Wanataka kwenda Dar es Salaam kwa siku 3, watoto waione bahari.

Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024. Nauli ya kawaida iliyotangazwa mwaka huo ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 alilipa nusu yake, yaani shilingi 6,500. Basi tuhesabu:

Watu wazima 2: shilingi 26,000.
Watoto 2: shilingi 13,000.
Jumla ya kwenda: shilingi 39,000.
Kwenda na kurudi: shilingi 78,000.

Watalala kwa ndugu. Tuseme wametenga shilingi 30,000 kwa siku kwa chakula, na shilingi 10,000 kwa siku kwa nauli za mjini. Kwa siku 3 ni shilingi 120,000. Tuongeze shilingi 40,000 za dharura, maana mtoto anaweza kuugua njiani. Jumla yote ni shilingi 238,000.

Usisahau kumchukulia mwenyeji mchele wa shambani kwako. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anayefika na chakula chake hachokwi upesi.

Safari ya nje

Sasa jamaa ile ile inataka kwenda Mombasa, Kenya. Mtanzania halipi viza kuingia Kenya. Hiyo ni nafuu kubwa. Lakini lazima awe na hati ya kusafiria. Pasipoti mpya ya kielektroniki ilianza kutolewa mwaka 2018, na ada yake iliwekwa kuwa shilingi 150,000. Kwa watu 4 ni shilingi 600,000.

Angalia vizuri, ndugu msomaji. Hawajapanda basi. Hawajala wala hawajalala. Tayari fedha za pasipoti zimezidi gharama yote ya safari ya Dar es Salaam kwa shilingi 362,000.

Kweli, pasipoti hudumu miaka mingi, wala si fedha iliyotupwa. Tena Idara ya Uhamiaji hutoa hati ya dharura ya safari, ambayo ada yake ni ndogo, ila haidumu kama pasipoti. Uliza ofisi ya Uhamiaji iliyo karibu nawe. Lakini usimsikilize mtu anayekwambia upite njia za panya. Kuvuka mpaka kwa kificho ni kosa. Ukikamatwa, mapumziko yako yataishia mahabusu, na faini itakula fedha zote za mpunga.

Fedha za kigeni

Kuna jambo jingine linalowapoteza wengi. Ukivuka mpaka, bei unazosikia si za shilingi yetu. Kwa miaka ya karibuni shilingi 1 ya Kenya imenunuliwa kwa zaidi ya shilingi 15 za Tanzania. Ukiambiwa chakula ni shilingi 200, usifurahi upesi. Zidisha: 200 mara 15 ni 3,000. Kumbe sahani hiyo ni zaidi ya shilingi 3,000 za kwetu.

Tena unapobadilisha fedha unapunguzwa kidogo. Ukirudi na masalio na kubadilisha tena, unapunguzwa mara ya pili. Badilisha benki au kwenye duka la fedha lenye leseni. Usimpe fedha kijana wa barabarani mpakani.

Nchi za mbali zina gharama nyingine. Mwaka 2025 ada ya kuomba viza ya matembezi ya Uingereza ilikuwa pauni 127. Kwa fedha yetu ni zaidi ya shilingi 380,000 kwa mtu mmoja. Ukinyimwa viza, ada hiyo hairudishwi.

Je, nyumbani ni rahisi siku zote?

Hapana. Tuseme ukweli. Mkazi wa Kyaka, mkoani Kagera, akienda Masaka nchini Uganda hasafiri mbali kama akienda Mtwara. Kwa watu wa mipakani, ng'ambo inaweza kuwa karibu na rahisi kuliko upande wa pili wa nchi yao. Kwa hiyo hesabu umbali, hesabu hati, hesabu siku za kulala. Hapo utajua.

Lakini usidhani kwetu hakuna cha kuona. Watu huvuka bahari kuja kuona magofu ya Kilwa Kisiwani, ambayo yaliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa mwaka 2000, nawe Mtanzania huhitaji pasipoti kwenda huko. Barabara ya Morogoro kwenda Iringa inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi. Abiria wa basi huweza kuona twiga na tembo kwa nauli yake ile ile. Ukitaka kuingia ndani ya hifadhi, chukua kitambulisho chako. Raia hulipa kiingilio kwa shilingi, nacho ni kidogo sana kuliko cha mgeni wa mbali.

Tena fedha unazotumia hapa nchini humfikia mama lishe, mwenye basi na muuza samaki. Huenda kesho wao ndio watakaonunua mchele wako.

Gawa mafungu kwanza

Kabla ya safari yoyote, gawa fedha za mavuno katika mafungu. Fungu la kwanza ni chakula mpaka mavuno mengine. La pili ni mbegu, mbolea na kibarua cha shamba. La tatu ni shule na matibabu. La nne ni akiba. Kinachobaki ndicho cha kutembelea. Kisipobaki kitu, tembeleeni ndugu wa kijiji cha pili kwa miguu. Nayo ni mapumziko.

Usikope ili uonekane umesafiri. Safari ya siku 3 isiwe deni la miaka 3. Watoto watakumbuka bahari, lakini mwezi wa Februari watataka uji.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au darasani:

1. Kutoka kijijini kwenu, ni mahali gani pa kupendeza ambapo hamjawahi kufika? Nauli ni kiasi gani?
2. Jamaa ya watu 6 ikihitaji pasipoti za shilingi 150,000 kila mtu, italipa jumla gani?
3. Mafungu yenu manne ya mwaka huu ni kiasi gani kila moja? Kimebaki nini?