Forosadi Ndani ya Shina la Ubongo

Tuseme mwalimu yuko mbele ya darasa, anaandika ubaoni. Ghafla anaona mistari miwili pale alipochora mmoja. Upande wa kushoto wa uso wake umelegea na mdomo umepinda, lakini mkono uliodondosha chaki ni wa kulia. Wako watakaonong'ona kuwa amerogwa, au kwamba amelewa. Daktari ajuaye mishipa ya fahamu hatashangaa sana. Dalili hizo, uso upande mmoja na mkono upande wa pili, zinamwelekeza kwenye shina la ubongo.

Shina hilo ni kipande kifupi, yapata sentimita 7 hadi 8, kinachounganisha ubongo mkubwa na uti wa mgongo. Katika jozi 12 za mishipa ya fahamu ya kichwa, jozi 10 hutoka humo. Humo pia hupita amri zote ziendazo mikononi na miguuni, na humo ndimo zinamoongozwa pumzi, mapigo ya moyo na kumeza. Sasa, kwa nini uso wa kushoto na mkono wa kulia? Mshipa wa fahamu wa uso wa kushoto hutoka upande huo huo wa sehemu ya kati ya shina, iitwayo ponsi. Nyuzi nyingi zinazoongoza mkono wa kulia nazo hushuka kwa upande wa kushoto, kisha huvuka kwenda kulia chini zaidi, mwishoni mwa medula. Kidonda kilicho kushoto mwa ponsi huzipata zote mbili kabla nyuzi za mkono hazijavuka. Mwalimu wa Bayolojia aweza kulichora jambo hili kwa mistari miwili tu, nami sijapata mfano mwingine unaolifahamisha vizuri zaidi.

Moja ya asili za kidonda hicho ni kavernoma, yaani fundo la mishipa midogo ya damu iliyoumbika vibaya. Kapilari zake zimetanuka zikawa vifuko vilivyobanana, mfano wa tunda la forosadi. Kuta zake ni dhaifu, na kati ya kifuko na kifuko hamna tishu ya ubongo. Damu hupita humo polepole na kwa shinikizo dogo, kwa hiyo aghalabu huvuja kidogo kidogo. Kwa sababu hiyo hiyo, picha za eksirei zipigwazo baada ya kutia dawa katika ateri haziionyeshi. Ni mashine za sumaku, MRI, zilizoenea tangu miaka ya 1980, zilizoifichua.

Hukadiriwa kuwa mtu 1 katika kila 200 ana kavernoma ubongoni, na wengi hawatajua kamwe. Mwanariadha Florence Griffith Joyner wa Marekani, aliyeweka rekodi za dunia za mita 100 na 200 mwaka 1988, alifariki usingizini kwa kifafa mwaka 1998, akiwa na miaka 38. Uchunguzi wa maiti ulikuta kavernoma. Yake ilikuwa katika ubongo mkubwa, na huko ndiko kifafa huanzia. Ya shina hudhuru kwa njia nyingine, kama ilivyompata mwalimu wetu.

Damu iliyovuja hunyonywa na mwili, na baada ya majuma au miezi mgonjwa hupata nafuu, pengine isiyo kamili. Hapo ndipo ugumu wa kuishi na maradhi haya unapoanza. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa, katika wagonjwa 100 ambao kavernoma ya shina imekwisha kuwadhuru, yapata 31 hupatwa na uvujaji ndani ya miaka 5. Wengine 69 husalimika kwa muda huo, lakini hakuna awezaye kumwambia mgonjwa yumo kundi lipi.

Je, apasuliwe? Fundo likiwa limefika kwenye uso wa shina, na limevuja zaidi ya mara moja, madaktari hulifikiria jambo hilo. Likiwa ndani, kisu hakina budi kupita katika njia zile zile tulizozitaja, na hata upasuaji uliofaulu huweza kuongeza ulemavu, kwa muda au daima. Basi wengi hungoja, wakipigwa picha mara kwa mara. Kungoja huku si uzembe wa daktari wala woga wa mgonjwa.

Mwalimu wetu akirudi kazini huenda akaziba jicho moja, kwani kuona vitu viwili hukoma papo hapo jicho moja likifunikwa. Huenda akafundisha ameketi, akapita ameshika ukuta, akanywa chai kwa mafunda madogo asije akapaliwa. Uchovu wake hauonekani kwa macho wala katika picha, na mkuu wa shule huenda akataka cheti.