Karafuu Haifufui Samaki Aliyeharibika

Ndugu wanavikundi wa Mwabungo, kina mama karanga huuliza: je, karafuu huzuia samaki kuoza? Ndiyo, lakini kidogo. Mafuta ya karafuu yana kitu kiitwacho yujenoli, ambacho huharibu ngozi ya vijidudu hata vikafa. Mchaichai nao una mafuta yake. Shida ni kwamba kiasi tunachotia jikoni hakiwezi kuua vijidudu vyote, na ukizidisha, chakula hakiliki. Tena jodari akikaa juani hufanya sumu isiyotolewa na moto wala viungo. Basi tuanze na barafu pale pale ufuoni, maji safi, na kukaanga hadi ndani. Viungo vije baadaye. Tusifiche uvundo kwa karafuu. Anayekula ni jirani yetu.