Maji Ndani ya Chupa: Kihifadhi, Asidi na Losheni ya Kutengeneza Nyumbani

Losheni iliyochanganywa jikoni kwa utomvu wa mshubiri, maji ya waridi na gliserini huweza kuonekana safi kwa siku kadhaa, lakini usafi huo ni wa macho tu. Bakteria huweza kufikia mamilioni katika mililita moja kabla rangi au harufu haijabadilika. Mmoja wao, Pseudomonas aeruginosa, huishi kwenye sinki na mabomba na huridhika na chakula kidogo mno. Akiingia katika jicho lenye mkwaruzo, anaweza kutoboa konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, katika muda wa siku chache.

Chanzo cha hatari hiyo ni maji. Mafuta ya nazi na siagi ya shea visivyo na maji havikuzi bakteria kwa urahisi. Ndivyo ilivyo pia kwa marhamu ya Whitfield, ambayo wagonjwa wengi wa fangasi wa ngozi wameitumia. Anayetaka kutengeneza kitu nyumbani bila kemia nyingi angefanya vyema kubaki huko.

Anayeamua kutumia maji hana budi kutumia kihifadhi cha kweli, na vinavyosifiwa mitaani mara nyingi si vihifadhi. Vitamini E huchelewesha mafuta kuharibika kwa hewa, lakini haiui bakteria. Mafuta ya karafuu huua baadhi ya vijidudu, ila kwa kiwango cha kutosha kulinda chupa nzima huweza kuwasha ngozi na kuleta mzio. Jokofu hupunguza mwendo wa bakteria bila kuwaua. Kuchemsha maji ni jambo jema, lakini kidole cha kwanza kinachochovya ndani ya kopo huleta wageni wapya. Maji ya betri nayo, hata yakiitwa safi, hayakutengenezwa kwa ajili ya ngozi.

Kihifadhi kinachopatikana kwa urahisi ni benzoeti ya sodiamu, ileile inayotiwa katika juisi na sosi ya nyanya. Huyeyuka vizuri katika maji, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Inayodhibiti vijidudu hasa si chumvi yenyewe bali asidi benzoiki inayotokana nayo, na kiasi cha asidi hiyo hutegemea uchachu wa mchanganyiko, unaopimwa kwa pH. Kwenye pH 4.2, nusu ya benzoeti huwa katika umbo la asidi. Kwenye pH 5 hubaki takriban asilimia 14, na kwenye pH 6 haifiki asilimia 2. Mtu anaweza kupima gramu sawasawa, akakoroga hadi maji yakawa maangavu, na bado chupa yake isiwe na ulinzi wowote wa maana. Karatasi za kupimia pH si anasa katika kazi hii.

Kwa hiyo kiambato amilifu huchaguliwa kwanza, na kihifadhi hufuata. Niasinamidi, inayopendwa kwa madoa ya chunusi, huyeyuka kwa wingi katika maji ya kawaida, lakini hutulia zaidi karibu na pH 6. Uchachu ukizidi mno, sehemu yake huweza kugeuka asidi nikotiniki, inayofanya uso kuwaka moto. Benzoeti peke yake haiifai. Inayofaa zaidi hapo ni fenoksiethanoli, ambayo haitegemei sana pH. Umoja wa Ulaya huiruhusu katika vipodozi hadi asilimia 1, yaani gramu 1 katika gramu 100 za losheni. Mizani ya jikoni isiyosoma sehemu za gramu haiwezi kupima kiasi hicho, wala kuhesabu matone hakuaminiki. Kimiminika hiki ni kizito kuliko maji, hivyo matone yake hukaa chini ya chombo hadi yakorogwe kwa subira. Tena ni dhaifu zaidi kwa kuvu kuliko kwa bakteria, ndiyo maana viwanda huiambatanisha na kihifadhi kingine.

Asidi salisiliki ni kesi ngumu zaidi. Lita moja ya maji ya uvuguvugu wa chumbani huyeyusha gramu 2 hivi tu. Anayetaka losheni ya asilimia 2 anahitaji mara kumi ya kiasi hicho. Akipasha moto, chembe hutoweka, kisha hurudi losheni inapopoa, na kila chembe inayogusa shavu ni asidi iliyokolea mahali pamoja. Katika ngozi nyeusi, hata kuungua kidogo huweza kuacha baka jeusi kwa miezi, yaani doa baya kuliko lile lililokuwa likitibiwa. Kuiyeyusha kwanza katika propilini glaikoli husaidia, lakini maji mengi yakiongezwa chembe huweza kujitokeza tena. Asidi hii ni afadhali inunuliwe ikiwa tayari kutoka famasi.

Vitamini C huyeyuka mara moja, kisha huharibika kwa hewa na mwanga. Losheni ikigeuka rangi ya chai, imekwisha. Isichanganywe na benzoeti, kwa kuwa viwili hivyo pamoja huweza kuzalisha benzini, kemikali inayosababisha saratani.

Losheni ya nyumbani isipakwe karibu na macho, juu ya kidonda, wala kwa mtoto mchanga. Jicho likiwa jekundu na kuuma baada ya kuitumia, mgonjwa aende hospitali siku hiyohiyo, akiwa na chupa yake mkononi.