Mgeni Akija Kambini

Binamu yangu alitumikia jeshi la Uingereza miaka sita. Nilipomwambia naandika makala kuhusu viongozi na wasanii wanaowatembelea wanajeshi, alicheka. "Andika habari za ufagio," akaniambia. Siku mbili kabla ya mkubwa mmoja kufika, kikosi chao kilifagia, kikapaka rangi, kikafanya mazoezi ya gwaride juani. Mgeni akakaa dakika 20, akapigwa picha, akaondoka. Ari ikawa chini kuliko kabla hajaja.

Mbona basi wageni wengine hukumbukwa maisha? Tuangalie Burma, mwaka 1944. Jeshi la 14 la Uingereza lilikuwa likipigana na Wajapani msituni, na wanajeshi wake walijiona wamesahauliwa, kwa kuwa macho ya watu yalikuwa Ulaya. Mwaka huo mwimbaji Vera Lynn, mwenye miaka 27, alisafiri mpaka huko, akawaimbia na kuwatembelea majeruhi. Hakuleta bunduki wala dawa. Ila aliyedhani kwao wamemsahau alimwona mtu wa kwao mbele yake, anatoka jasho kama yeye. Mwaka 1985 Vera Lynn alipewa Burma Star, nishani ya waliotumikia vita hivyo.

Lakini mtu wa kwao nani? Katika jeshi hilohilo kulikuwa na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, askari kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, wakiongea Kiswahili kambini. Wimbo unaomkumbusha kijana wa London nyumbani haumkumbushi nyumbani kijana wa Machakos au Songea. Nimesoma mengi kuhusu ziara za wasanii, na hawa askari wetu hawatajwi hata kidogo. Inaniuma.

Kamanda wao, Jenerali William Slim, alitumia njia nyingine. Alizunguka vikosini mara kwa mara. Tena, anasimulia katika kumbukumbu zake, kikosi cha mbele kilipopunguziwa posho ikawa nusu, makao makuu yake nayo yalikula nusu. (Posho hiyohiyo ambayo Uganda leo ni ugali!) Maofisa vijana wenye njaa wakahimiza chakula kifike mbele upesi. Nadhani hilo lilieleweka kwa lugha zote.

Nilimuuliza binamu kama yupo mgeni aliyempenda. Yupo: ofisa aliyetokea usiku wa mvua bila taarifa, akasimama naye zamu nzima, akammiminia kahawa. Jina lake amelisahau. Anakumbuka sukari ilizidi.