Macho ya Saisi

Jumapili ya Kenya Derby, robo saa kabla ya mbio kubwa, ukitaka kuwaona wajuzi wa Ngong Racecourse usiwatafute jukwaani. Wako kwenye uzio wa kile kiwanja kidogo ambamo farasi huzungushwa ili watazamwe. Kadi ya mbio imekunjwa mkononi, kalamu iko sikioni. Farasi akipita, macho yanamfuata kuanzia masikio hadi kwato, kisha mtu anatia alama ndogo kwenye kadi yake na kunyamaza. Kwa watu wa hapa, kuchagua farasi ni desturi yenye adabu zake, na adabu ya kwanza ni kutazama kabla ya kusema.

Uwanja huu wa kando ya Ngong Road, uliopakana na msitu, ulifunguliwa mwaka 1954, lakini mbio zenyewe ni za zamani zaidi. Zililetwa na walowezi wa Kiingereza. Jukwaani walikaa wao. Walioamka alfajiri kuwalisha farasi, kuwasugua na kuwatembeza walikuwa masaisi Waafrika. Beryl Markham, mwanamke wa kwanza kupata leseni ya kufundisha farasi wa mbio nchini Kenya, alilijua hilo. Katika kumbukumbu zake, West with the Night, zilizochapishwa mwaka 1942, anamtaja mara nyingi arap Ruta, rafiki yake wa utotoni aliyekuja kushika naye kazi ya farasi. Jina la mkufunzi huandikwa kwenye kadi. La saisi haliandikwi, ingawa hakuna anayemjua farasi kumshinda.

Tuanze na kadi hiyo. Mbele ya jina la farasi kuna tarakimu chache: 3, 2, 1, 1. Hizo ni nafasi alizoshika katika mbio zake za karibuni. Mgeni akiona 1 mbili zikifuatana huona kazi imekwisha. Mzoefu huuliza: alishinda wapi, umbali gani, akiwa na nani, akiwa amebeba kilo ngapi? Derby ni ya farasi wa miaka mitatu, nayo ni mita 2,400. Aliyewaacha wenzake katika mita 1,200 anaweza kuishiwa pumzi katika mita 400 za mwisho, hasa hapa Nairobi ambapo mji umekaa juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,700. Ndiyo maana wazee hutazama pia ukoo: baba alikuwa wa mbio fupi au ndefu? Mama amezaa watoto wa namna gani?

Halafu kuna uzito. Katika mbio nyingi za kawaida farasi bora hubebeshwa zaidi, kwa vipande vya risasi vinavyotiwa kwenye tandiko, ili mnyonge naye apate nafasi. Derby haina huruma hiyo. Madume wote hubeba uzito mmoja, na majike hupunguziwa kidogo. Kwa hiyo farasi aliyeshinda Februari kwa kuwa alibeba kidogo, siku ya Derby huonekana alivyo.

Baada ya kadi yanafuata macho. Jasho jembamba shingoni si kitu, lakini povu jeupe katikati ya mapaja ni dalili kwamba mnyama anaitumia nguvu yake kabla ya kazi. Farasi mzuri huenda hatua ndefu na tulivu, masikio yakichezacheza, ngozi inang'aa kama shaba iliyosuguliwa. Na kama mvua imelowesha majani, wajuzi huinama kutazama kwato, kwa maana ardhi laini humchosha upesi farasi asiyeizoea.

Mwisho ni bei. Farasi akiwekwa nne kwa moja, umati unasema angeshinda mara moja katika mbio tano. Swali la mchaguzi halisi ni kama umati umekosea. Farasi anayependwa na wote anaweza kuwa bora kuliko wote na bado akawa ghali mno kwa shilingi yako. Hapo wazee hukumbusha kwamba mpanda farasi wawili hupasuka msamba: chagua mmoja, weka kiasi usichokihitaji kesho, kisha tulia. Siku hizi vijana wetu wanapoteza ada na kodi ya nyumba kwa kubeti kwenye simu, juu ya mechi wasizoziona na wachezaji wasiowajua. Hilo linaniuma. Desturi ya uzio ilimfundisha mtu subira na kiasi, na wengi waliosimama pale hawakuweka hata senti.

Mwaka mmoja nilimchagua kipenzi cha umati. Kadi yake haikuwa na doa. Alipopita mbele yangu niliona ubavu wake umeingia ndani kidogo, nyuma ya mbavu. Nililiona hilo, nikairudia kadi, nikaiamini kadi. Alishika nafasi ya nne.

Umati ulipomkimbilia mshindi, nilipita nyuma, kwenye mabanda. Saisi wa farasi niliyemchagua, mzee wa makamo, alikuwa amemfunika blanketi na kumtembeza polepole mpaka pumzi ishuke.

"Shikamoo, mzee. Pole kwa kazi."

"Marahaba, kijana wangu. Tumeshapoa."

Kabla ya mbio saisi haulizwi. Ni adabu, maana siri ya zizi si ya kuuzwa. Baada ya mbio alinieleza mwenyewe, bila kuniangalia, mkono wake ukiwa shingoni mwa farasi: "Tangu jana jioni hakumaliza chakula." Akainua ndoo ya maji, akangoja farasi ainamishe kichwa mwenyewe.

Tangu siku ile, mbio zikiisha hupitia kule nyuma, nimeshinda au nimeshindwa. Nikishamwamkia mzee, swali langu ni moja: "Amekula?"