Mtoto Aliyezaliwa na Mguu Uliopinda

Pengine mtoto huzaliwa mzima kabisa, ila wayo wake mmoja umegeukia ndani na kisigino kimevutwa juu. Wengine huzaliwa na miguu yote miwili hivyo. Hapo majirani huanza kunong'ona ya kuwa mama alivunja mwiko, au ya kuwa amelogwa. Si kweli. Katika watoto 1,000 wanaozaliwa duniani, mmoja hivi huwa na mguu wa namna hii, na wavulana ni wengi kuliko wasichana. Mama hana kosa.

Usimfunge mtoto vijiti nyumbani. Mpeleke hospitali katika majuma ya kwanza. Samaki hukunjwa angali mbichi, na kano za mtoto mchanga bado ni laini. Daktari Ignacio Ponseti wa Iowa, Marekani, alionyesha ya kuwa mguu huo waweza kunyoshwa pasipo upasuaji mkubwa. Kila juma huvutwa polepole kwa mikono, kisha hufungwa plasta toka vidoleni mpaka pajani. Plasta 5 au 6 huwatosha wengi. Mara nyingi kano ya kisigino hukatwa kidogo, nayo hujiunga yenyewe.

Kazi ngumu ni ya baadaye, nayo ni ya wazazi. Mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma chembamba: miezi 3 mchana na usiku, kisha wakati wa kulala tu, mpaka afike miaka 4 au 5. Siku za kwanza atalia. Baba, usimwachie mama peke yake. Wengi wakiona mguu umenyoka huvitupa viatu pembeni. Basi mguu hupinda tena, na plasta huanza upya.